Ng'ambo Isiyoonekana Kutoka Ibaba

Mlowo,
4 Februari 2024

Shikamoo Bibi,

Nimefika salama, ninakula vizuri, na kile kikohozi cha Krismasi kimeisha. Natumaini Makame atakukuta jikoni, moto unawaka, na magoti hayajaanza maneno yake. Wasalimie majirani wa pande zote, hata wale mliogombana nao.

Huku Mbozi mvua ni nzuri na kahawa inapendeza. Kwa baba hakuna jipya. Dereva mmoja aliyetoka Zambia aliniambia kwamba alimwona mjini Kapiri anauza vipuri vya magari, lakini nilipomuuliza baba ana sura gani, akanielezea mtu mwingine.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tumeingia hatua ya mwisho ya mafunzo ya umisionari. Simu zetu zimekusanywa na kufungiwa ofisini, na hakuna ruhusa ya kwenda nyumbani mpaka ibada ya kutumwa, mwezi wa saba. Mkuu wa chuo, Mchungaji Nikodemo, anasema anayeshindwa kukaa bila simu hapa Mlowo, penye kila kitu, huko mbele atashindwa vingi. Kwako hili si tatizo. Tangu masikio yako yapungue, simu zangu alikuwa anasikiliza jirani kisha anakusimulia anavyotaka yeye. Barua zitapita kwa Makame, yule mfanyabiashara wa Tunduma anayenunua viazi huko kwetu. Fuso lake linapita mbele ya chuo likienda na likirudi, naye amekubali.

Majina yametoka, Bibi. Nimepangiwa ng'ambo, pamoja na mwenzangu Yonasi wa Hasamba. Siku ya ibada mzee wa familia husimama mbele ya kanisa, Mkuu akamuuliza, "Je, mnamtoa?" Mzee hujibu, "Tunamtoa." Bila jibu hilo mtu hatumwi. Mimi sina mzee mwingine ila wewe. Naomba uniambie kama utakuja, na kama utalisema neno hilo.

Mjukuu wako,
Gwamaka


Ibaba,
19 Februari 2024

Gwamaka mume wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima kuanzia kichwani mpaka magotini. Chini ya hapo tuache. Mvua haijakoma tangu ulipoondoka, na ukungu unaingia mpaka ndani, unakaa kwenye kiti chako bila kukaribishwa. Viazi vya shamba la juu vimeungua majani, vya bondeni vimepona. Gwalugano wa jirani amejifungua mtoto wa kike, mweusi wa kupendeza, analia kama anadai haki. Yule mbuzi mwenye pembe moja nimemuuza. Alikula kanga yangu ya kanisani, tena ile mpya.

Makame alinikabidhi barua yako kwa mikono miwili. Nikamuuliza, "Umeleta posa?" Akasema, "Bibi, huyu alishakuposa zamani, mimi ni mshenga tu." Huyo Mpemba ana mdomo, lakini mizani yake haina hila.

Habari yako nimeisoma, nikafurahi, nikatoka nje kutazama. Ng'ambo naijua tangu baba yako hajazaliwa. Siku ukungu ukiondoka, nikisimama shamba la juu naiona yote, mpaka moshi wa majiko yao. Watu wa kule wanasema Kindali kama sisi, wanalima kama sisi, ila rais wao ndiye mwingine. Ni kushuka, kuvuka mto Songwe, na kupanda. Mtu mwenye miguu yako akitoka hapa asubuhi anakula mchana Malawi. Nilikuwa na hofu sana kwamba watakupeleka mbali, kwa Wazungu au kwenye vita. Kanisa limefanya busara.

Nitakuja Mlowo na nitalisema neno lenu. Nitasema tunamtoa, halafu Jumamosi utavuka uje kula viazi.

Mkeo,
Tusekile


Mlowo,
17 Machi 2024

Shikamoo Bibi,

Barua yako niliipokea nimesimama getini, nikaisoma, kisha nikatafuta mahali pa kukaa. Nashukuru kwa habari za viazi. Pole kwa kanga. Mpe Gwalugano hongera, mwambie mtoto alie tu.

Mafunzo yamebadilika. Tumetolewa mabwenini, tunalala kwenye mahema nyuma ya shamba la kahawa la chuo. Kila mtu anapewa maji kidogo ya siku nzima, ya kunywa, kupika na kuoga. Mkuu alitumikia miaka mingi huko tunakokwenda, na mpaka leo ananawa uso, mikono na miguu kwa kikombe kimoja, na mwishoni kinabaki cha kumwagilia mche. Yonasi alijaribu, akaishia na sabuni machoni, ikabidi tumchangie. Tunajifunza kutibu homa, kushona jeraha, kutengeneza pampu ya kisima, na kukaa kimya nyumbani kwa watu mpaka tuulizwe. Hilo la mwisho ndilo linalonishinda.

Tena tunajifunza Kifaransa. Kila Alhamisi Mkuu anatupeleka Tunduma kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka, tukaongee na madereva wa Kikongo. Nilimkuta mmoja anapika ugali kando ya tairi. Nikamsalimu kwa Kifaransa, nikamuuliza habari za familia na safari. Akanisikiliza mpaka mwisho, akageuza mwiko, akasema kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, "Kijana, miye nimekuwa mu barabara miaka mingi, Kifaransa cha namna hii sijakisikia. Kimelowa." Baadaye alinigawia ugali, akanirekebisha neno moja moja mpaka foleni ikasogea.

Kuhusu ng'ambo, Bibi, ni mbali kidogo kuliko unavyofikiri. Nitakuandikia vizuri nikipata nafasi.

Funika miguu ukilala.

Gwamaka


Ibaba,
14 Aprili 2024

Mume wangu,

Mimi mzima. Pasaka tuliila vizuri, kwaya iliimba mpaka mchungaji akasahau kuhubiri. Shamba la juu nimeling'oa lote, nitapanda maharage. Mtoto wa Gwalugano ameitwa Jenista, jina la mwalimu wao wa zamani.

Sijaelewa habari ya maji. Kule ng'ambo maji yapo, mto huohuo tunanywa wao na sisi. Wala Kifaransa sijakielewa, ila shule haimwozei mtu mwilini, jifunze.

Ulivyosema ni mbali kidogo, nikaona nisikae na maswali. Jumatatu ya Pasaka nilikata fimbo, nikashuka, nikavuka mpaka kwa mdogo wangu Nesta. Mto ulikuwa umepungua. Watu waliniona nikipanda kule na viatu mkononi, wakaanza kuitana, wakidhani nimeleta msiba au harusi. Nikawaambia nimeleta habari ya mjukuu. Nesta anasema huenda watakuweka Chitipa mjini. Hapo ni mbali kidogo kweli, sikatai, lakini kuna gari. Hata hivyo amekutengea chumba kwake, kile chenye dirisha la mtoni. Mwanawe ameshatengeneza kitanda cha mianzi. Nilikilalia mwenyewe kukipima. Miguu yako itazidi kidogo, nimemwambia aongeze.

Nimetangaza kanisani pia. Akina mama wamesimama wote. Nimewaambia, wangu haendi kupotea, anakwenda pale.

Andika jina la usharika utakakokuwa, Nesta aulizie nani mzee wa kanisa. Usichelewe kama kawaida yako.

Mkeo,
Tusekile


Mlowo,
12 Mei 2024

Shikamoo Bibi,

Natumaini maharage yameota na Jenista mdogo anaongezeka. Mimi mzima wa mwili. Yonasi aliugua tumbo akapona. Barabara ya kwenu Makame ananiambia imekatika tena kwa maporomoko, kwa hiyo barua hii sijui itakaa naye kwa muda gani.

Nimeiandika zaidi ya mara moja. Sasa naiandika fupi.

Siendi Malawi. Wanaposema ng'ambo hapa chuoni, hawasemi ng'ambo ya mto. Wanasema ng'ambo ya nchi, na nchi za mbele yake. Mimi na Yonasi tunakwenda Chadi. Ni kaskazini, unapita Kongo yote kwanza, na baada yake nchi nyingine. Ni nchi kavu, ndiyo sababu ya maji. Wanasema Kifaransa na Kiarabu. Tutakaa kwenye kijiji chenye kisima kilichoharibika na kanisa dogo, miaka minne, na hakuna likizo ya kurudi katikati.

Niliposoma barua yako ya mwezi wa pili nilijua mara moja umeelewa nini. Ningeweza kukuandikia siku ileile. Niliona umefurahi, nikasema kidogo tu, nikaliita mbali kidogo. Kisha ukavuka mto kwa miguu yako.

Mwambie bibi Nesta kwamba nashukuru kwa chumba.

Swali langu ni lilelile la mwanzo. Ibada ni Jumapili ya mwisho ya Julai.

Gwamaka


Ibaba,
2 Juni 2024

Gwamaka,

Barua yako imefika juzi, barabara ilipozibuliwa. Mimi mzima.

Nilipomaliza kusoma nilimwita Makame pale alipokuwa anapima magunia. Nikamuuliza, "Chadi iko usharika gani?" Akaniangalia, akaona sitanii. Akachukua viazi kwenye gunia. Kimoja akakiweka hapa mlangoni, akasema, "Hii Ibaba." Kingine hatua moja mbele, "Hii Tunduma." Akaendelea, Lubumbashi akaiweka penye banda la kuku. Kongo alitembea nayo mpaka nikachoka kumtazama. Kiazi cha Chadi alikwenda kukiweka nyuma ya choo, hata sikukiona, nilisikia tu akisema, "Hapa, Bibi."

Nikamwambia, "Rudisha kiazi changu."

Akakileta, akakipangusa, akasema, "Kiazi chako hiki. Lakini nchi iko kulekule."

Maharage yameota. Jenista ameanza kucheka kwa sauti. Nesta nimempelekea habari kwa watu wa mnadani, sikwenda mwenyewe.

Mguu unauma. Sitakuja Mlowo.

Bibi yako,
Tusekile


Mlowo,
16 Juni 2024

Shikamoo Bibi,

Pole kwa mguu. Nimempa Makame dawa ya kuchua, inanukia vibaya lakini inafanya kazi. Huku baridi imeanza, na mahema asubuhi yanakuwa mazito kwa umande. Wachumaji wa kahawa wanatuamsha kwa nyimbo zao.

Nimeona ulivyotia sahihi. Hujawahi kujiita bibi yangu kwenye barua tangu nijue kusoma.

Nilimweleza Mkuu kwamba huji. Akasema utaratibu unaruhusu mzee wa usharika wa Mlowo asimame badala ya familia, na kuna mmoja mwenye suti nzuri ambaye huwafanyia wasio na watu. Nikamjibu kwamba mimi si mtu asiye na watu. Akasema, "Basi walete."

Wiki iliyopita alikuja baba yake Yonasi kutoka Hasamba kufanya mazoezi ya lile jibu. Mzee ni mpole, sauti haitoki. Mkuu alimrudisha nyuma mara kadhaa, "Sema mzee, kanisa lisikie." Mwishowe alilisema kwa nguvu, akabaki anaitazama mikono yake. Yonasi akatoka nje kwenda kuangalia pampu ambayo ilikuwa nzima.

Kuna ukungu siku hizi hata hapa. Naamka nafikiri niko kwetu, nanyoosha mkono kutafuta ukuta, nagusa turubai.

Bibi, ukisema hapana, sitakwenda. Nitakuja kulima. Nasema kweli, na nimeshamwambia Mkuu hivyo. Neno ni lako.

Gwamaka


Ibaba,
30 Juni 2024

Gwamaka,

Dawa imefika. Nimeipaka mguu mmoja, kuku wote wakahama jikoni. Mimi mzima, na Jenista mzima. Sasa nisikilize, kwa sababu ukiwa mbele yangu huwa unajibu kabla sijamaliza.

Neno si langu. Usinibebeshe. Ukirudi hapa kwa sababu yangu nitakaa miaka yangu iliyobaki na mtu anayelima huku anatazama juu ya kichwa changu. Nimeshaishi na mtu wa namna hiyo, alikuwa baba yako. Yeye hakuhitaji ndege wala Kifaransa. Alivuka barabara tu pale Tunduma, upande wa pili, Zambia, akasema anakwenda kununua vitenge. Ng'ambo ambayo mtu anarusha jiwe linafika. Mpaka leo. Kwa hiyo umbali haunitishi. Kiazi cha nyuma ya choo na kiazi cha banda la kuku kwangu ni kimoja kama mtu hana nia ya kurudi.

Ninalokataa ni neno lenu. Nimelifikiria tangu mwezi wa pili, hata nilipodhani ni Malawi, nikasema nitalisema haraka lipite. Sasa silisemi. Nani alilitunga sijui. Huku kwetu mtu hutolewa ndani amelala, na watu wamemshika pande zote. Babu yako nilimtoa kwa mlango huu. Mama yako Anna nilimtoa kwa mlango huuhuu, wewe umeshika kanga yangu, unauliza kwa nini wanampitisha kichwa mbele. Nikaulizwe basi kanisani na mtu mwenye kitabu, je, mnamtoa, nami niseme ndiyo, na wewe umesimama hapo mzima una meno yote?

Kuja siji. Nikiona wanakuwekea mikono nitasema hapana, na mimi sijui kusema hapana kwa sauti ndogo. Nitakuharibia.

Nitatuma mtu. Usiniulize nani. Usimtume Mkuu wako kumfundisha la kusema, nimeshamfundisha mimi.

Kula. Shingo yako ilikuwa nyembamba Krismasi.

Tusekile


Tunduma,
29 Julai 2024

Shikamoo Bibi,

Naandika nimekaa kwenye ofisi ya basi. Tunaondoka leo kwenda Dar es Salaam, na kesho kutwa ni ndege. Makame yuko ng'ambo ya barabara anabishana na wabeba mizigo. Amesema nisimalize kabla hajarudi, kwa hiyo nitamaliza.

Utataka kujua ilivyokuwa, na bila shaka yeye ameshajiandaa kukusimulia. Naandika mimi kwanza, maana yeye ataongeza.

Kanisa lilijaa. Watu wa Hasamba walikuja kwa lori, wakaimba tangu barabarani. Baba yake Yonasi aliulizwa, akajibu vizuri, kanisa likasikia. Kisha Mkuu akasoma jina langu, akauliza nani anasimama kwa ajili yangu. Yule mzee mwenye suti akaanza kufunga kifungo cha koti. Ndipo Makame alipoinuka safu ya nyuma, amevaa kanzu nyeupe na kofia.

Mzee wa zamu akamgusa bega, akamwonyesha kofia avue. Makame akasema, na kila mtu akasikia, "Viatu nimeshaviacha mlangoni, mzee wangu, sasa unataka na kofia?" Watu walicheka. Kweli alikuwa pekupeku. Makubazi yake yalikuwa kule nje peke yake kwenye ngazi, na watoto wameyazunguka wanayatazama. Alifika mpaka mbele hivyohivyo, na kofia akaivua mwenyewe, akaishika mkononi.

Mkuu akamuuliza, "Wewe ni nani kwake?"

"Mimi nanunua viazi."

Wakacheka tena. Mkuu hakucheka.

"Lakini leo nimetumwa," akasema Makame. "Na Bibi Tusekile wa Ibaba. Mimi ni mshenga wake."

Mkuu akafungua kitabu. "Je, mnamtoa?"

"Bibi anasema hapana."

Hapo nikasikia Fuso likipita barabara kuu. Sikuinua macho. Niliangalia miguu ya Makame kwenye saruji.

"Anasema kumtoa hamtoi," Makame akaendelea, polepole, kama mtu anayesoma. "Anasema anawaazima."

Mkuu akamwambia kwa upole kwamba katika utaratibu wa kanisa neno ni kutoa. Makame akatikisa kichwa. "Bibi alijua utasema hivyo. Aliniambia ukishasema hivyo nikae chini, nikuache ufikirie."

Akakaa. Pale pale mbele, kwenye benchi la wanakwaya, kati ya akina mama wawili wa sauti ya kwanza.

Mkuu alibaki amesimama na kitabu mkononi. Kisha akavua miwani, akamuuliza Makame, "Mpaka lini?"

Makame akasema, "Hilo sikutumwa."

Mkuu akafunga kitabu. Akageuka kwa watu, akasema, "Kanisa limeazima," akanipigia magoti yeye kwanza kabla ya kuniambia nipige mimi. Wakaniwekea mikono. Mikono ya Mkuu ilikuwa mizito. Makame hakuweka ya kwake, lakini hakuondoka.

Baada ya ibada tulikula pilau, na Makame alipewa sahani ya wageni wa heshima. Mkuu alikuja akakaa nami. Alisema, "Mama yangu alijibu tunamtoa." Nikangoja aendelee. Akaomba maji ya kunawa.

Makame pia aliniambia la mguu. Amesema siku anaondoka Ibaba ulimsindikiza mpaka gari lilipo, kule mteremkoni, na kwamba ulikuwa mbele yake. Sikuulizi kitu.

Mkuu aliniuliza tena jana jioni: mpaka lini? Mkataba unasema miaka minne, lakini hakuwa anauliza mkataba.

Makame amerudi. Basi linapakia. Ananiambia niandike kwamba nimenenepa.

Gwamaka


Ibaba,
8 Septemba 2024

Mume wangu,

Barua hii inakwenda kwa Mkuu wako, yeye anajua njia ya kuifikisha. Mimi mzima, na miguu yote miwili, kama ulivyoambiwa na yule mbea. Maharage tumevuna. Jenista anakaa mwenyewe bila kushikwa. Ukungu umeondoka, jua kali, na ng'ambo inaonekana mpaka mtu akianika nguo. Nesta amemlaza mkwewe kwenye kile chumba, anasema mkwe ni mfupi na kitanda kimezidi.

Makame amenisimulia ibada mara nyingi. Kila anaposimulia, kanisa linazidi kuwa kubwa. Sasa linakaribia kuwa Tunduma nzima. Nimechukua ile ya kwako.

Nyumba ni kubwa kuliko nilivyoijenga. Nikipika napika sufuria ileile, halafu nagawa. Sikuambii hili ili urudi. Nakuambia kwa sababu hizo ndizo habari za nyumbani.

Mchungaji wako aliuliza mpaka lini. Anaonekana ni mtu mzuri, ila amekaa sana na karatasi. Mjibu hivi. Kwetu jirani akija kuazima ungo hatajiwi siku. Ukimtajia siku umemwambia humwamini. Anakwenda nao, anapepeta mahindi yake. Mwenye ungo anakaa. Siku akiukumbuka anapita kwa jirani, anasalimia, anakaa kidogo, anauliza: ungo wangu mzima? Jirani akisema bado nautumia, anaaga, anarudi kwake bila ugomvi. Akija tena kesho hakuna anayemshangaa, kwa sababu ungo ni wake.

Mimi nitakuwa napita hivyo kuulizia, mpaka mtakapomaliza au mpaka nitakaposhindwa kushika kalamu. Nikishindwa nitamtuma mtu. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kupita.

Hodi.

Tusekile